Chaki iliyogoma na sisimizi kwenye eneo la tukio: shajara ya kuandaa wanafunzi kwa shindano la uchunguzi wa jinai

Nafundisha kemia na baiolojia katika sekondari ya kata mkoani Morogoro. Walimu wa sayansi wa shule nne za jirani tumekubaliana kuandaa shindano la uchunguzi wa kisayansi wa jinai, tarehe 24 Mei. Muundo tumeuazima kwenye Science Olympiad ya Marekani, ambako kuna pambano linaloitwa Forensics: wanafunzi wanapewa kisa, washukiwa, poda zisizo na majina, vipande vya plastiki, wino, alama za vidole, kisha dakika 50 za kupima na kuandika. Sisi tumebadili kidogo. Timu ni watu watatu, na hakuna kifaa kisichopatikana sokoni au duka la dawa.

Naandika kila hatua inapokamilika ili mwalimu mwingine akitaka kuiga asirudie makosa yangu. Gharama zote ni shilingi za Tanzania.

Jumamosi, 8 Februari 2025

Wamejitokeza wanafunzi kumi na wanne. Nilipowaambia hakuna bunduki wala kufukuzana na wezi, wakabaki sita, wote kidato cha tatu. Sita wanatosha kwa timu mbili.

Manunuzi ya kwanza: iodini chupa mbili 3,000, siki lita moja 2,000, spiriti nusu lita 3,000, glavu boksi moja 13,000. Ngano, sukari, chumvi, bekin pauda na poda ya watoto, jumla 6,500. Magadi ya kupikia maharage nimetoa jikoni kwangu. Jumla ya siku 27,500.

Kiashirio, yaani kitu kinachobadili rangi kikikutana na asidi au besi, hatukununua. Manjano yaliyolowekwa kwenye spiriti na kupakwa kwenye karatasi nyeupe yanageuka mekundu yakiguswa na magadi, na rozela iliyochemshwa inabaki nyekundu kwenye siki, ikiingia kwenye magadi inakimbilia kijani. Nimeacha karatasi za manjano zikauke dirishani. Anayeiga azikinge na jua, rangi inapauka.

Jumatano, 12 Februari

Poda. Nilidhani hii ndiyo siku rahisi.

Niliwaandalia jedwali la majibu mwenyewe, usiku, kwa kichwa, bila kupima chochote. Kwenye mstari wa chaki niliandika: kalsiamu kaboneti, inatoa mapovu ikitiwa siki. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyofundisha miaka yote.

Dakika kumi baadaye: "Madam, chaki imegoma."

Nikasema ongezeni siki. Wakaongeza. Nikasema isageni zaidi. Wakasaga mpaka ikawa laini kuliko poda ya watoto. Kimya. Kijana mmoja akaweka sikio juu ya sahani, maana nilikuwa nimewaambia mapovu madogo yanasikika kabla hayajaonekana. Hakuna kitu. Nikakamulia limau. Hakuna kitu. Wakaanza kuniangalia mimi badala ya sahani.

Jibu nilikuwa nalo kwenye boksi lenyewe la chaki, nimelishika mkononi kila siku. Chaki nyingi za madukani ni jasi, yaani kalsiamu salfeti, madini yale yale yanayochimbwa Makanya, Kilimanjaro, na yale yale mafundi wanayopamba nayo dari. Jasi haina kaboneti, kwa hiyo siki haina cha kukitoa povu. Ukitaka kaboneti ya bei ya bure chukua maganda ya mayai: yachemshe, ondoa ngozi ya ndani, kausha, twanga kwenye kinu, chekecha. Mpishi wa shule ameahidi kututunzia.

Kosa la pili siku hiyo hiyo lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilionekana kama ushindi. Timu moja ilipewa bekin pauda tupu. Wakatia maji, ikafoka. Wakatia iodini, ikawa bluu nyeusi, dalili ya wanga. Wakaandika kwa kujiamini: "Mchanganyiko wa magadi na unga wa ngano." Nikawapa vyema. Nilipofika nyumbani nikasoma kopo. Ndani ya bekin pauda kuna wanga, umewekwa makusudi ili unyevu usiichangamshe kabla ya wakati. Iodini ilisema kweli na mimi nilisahihisha uongo.

Jumamosi yake nikawaomba radhi, nikafuta alama. Tofauti sasa wanaijua: magadi na ngano vikichanganywa havifoki kwa maji matupu, vinangoja asidi. Bekin pauda imebeba asidi yake mwenyewe, maji tu yanatosha kuiamsha.

Kanuni mpya ya klabu: hakuna jedwali la kunakili kitabuni. Kila mstari umejazwa na aliyepima, kwa tarehe.

Jumamosi, 22 Februari

Leo nilipanga alama za vidole. Hatukugusa hata moja.

Mkuu wa shule alipita maabara akauliza swali moja: "Vidole vya watoto hawa mtaviweka wapi, na nani amekubali?" Sikuwa na jibu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na alama ya kidole ni taarifa binafsi kama ilivyo namba ya simu, tena huwezi kuibadilisha. Nimeandika barua kwa wazazi: kadi zitakuwa na namba bila majina, zitakaa kwenye kabati la mkuu, zitachomwa moto siku moja baada ya shindano.

Wazazi watano wamesaini. Mmoja amekataa. Alikuja mwenyewe, kwa adabu kabisa, akasema vidole vyake yeye vilishachukuliwa NIDA, kwa ajili ya kitambulisho cha taifa, na kwenye usajili wa laini ya simu, vya binti yake bado, na visianzie shuleni. Sikubishana. Binti akabaki klabuni kwa sharti hilo, na kwa kuwa hawezi kuchapisha vidole nikampa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kuandika ripoti.

Jumatano, 5 Machi

Mfungo umeanza, wanafunzi watatu wamefunga, kwa hiyo tunafanya saa nane hadi tisa na nusu tu, wawahi nyumbani.

Alama za vidole sasa. Poda ya watoto kwenye kioo: inaganda mabonge. Hewa ina unyevu, mikono ina jasho, poda inashikana na kila kitu isipokuwa mstari wa kidole. Penseli iliyosagwa ilitoa alama, lakini ilichukua penseli mbili kupata kijiko cha chai. Gundi ya super glue, ambayo mvuke wake unashika kwenye alama na kuifanya nyeupe, tuliiacha kabla ya kuanza. Mvuke huo unawasha macho na maabara yetu ina madirisha mawili, moja halifunguki.

Kilichofanya kazi ni masizi. Kibatari cha mafuta ya taa, sahani ya udongo juu yake, dakika tano, kwangua. Brashi ya kupaka poda usoni, ile laini ya vipodozi, ikiwa mpya kabisa. Unagusa masizi kwa ncha, unakung'uta, unazungusha juu ya kioo kama unafuta vumbi kwenye picha ya marehemu. Ukikandamiza umeharibu. Selotepu pana juu yake, vuta kwa mkupuo mmoja, bandika kwenye karatasi nyeupe.

Gharama: mafuta ya taa 1,000, brashi mbili 5,000, selotepu mbili 3,000. Gharama isiyoandikika ni mashati meupe mawili ya sare. Vaeni makoti ya maabara, au mashati ya zamani yaliyogeuzwa mbele nyuma.

Kadi tano, vidole 50, tukavipanga kwa umbo la mistari yake. Vitanzi 32, vizunguko 16, matao 2. Inaendana na inavyojulikana, kwamba vitanzi ndivyo vingi kuliko vyote na matao ni machache. Nikawaeleza kwamba mpangilio wa kuvipanga hivi kwa namba ulikamilishwa Kolkata na maofisa wawili Wahindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ofisi yake ikaanzishwa huko mwaka 1897, na jina lililobaki kwenye mpangilio ni la bosi wao Mwingereza, Edward Henry. Wakacheka. Mmoja akasema hata kazi za vikundi darasani ndivyo zinavyokwenda.

Jumamosi, 15 Machi

Wino. Maji yakipanda kwenye karatasi yanatenganisha rangi zilizomo ndani ya wino, na hivyo kalamu zinatofautishwa. Nilinunua kalamu nne za rangi nyeusi kwa 4,000 bila kusoma ubavuni. Zote ni zile zisizofutika, wino wake hautembei kwenye maji hata ukingoja mpaka magharibi. Nikanunua nyingine za kuchorea watoto, 5,000. Zile za kwanza hazikupotea bure: tukiweka spiriti badala ya maji, zinatembea.

Karatasi ya chujio ni ghali na duka lililokuwa nayo liko mjini. Karatasi ya chooni inakimbiza maji mno, rangi zinafika juu zikiwa zimechanganyika. Ndipo binti mmoja wa timu ya pili akachukua kipande cha chaki, ile iliyogoma, akaizungushia mstari mdogo wa wino kama sentimita moja kutoka chini, akaisimamisha kwenye kizibo chenye maji. Baada ya dakika nane chaki ilikuwa na pete tatu: njano chini, waridi katikati, buluu juu. Sijamfundisha hilo. Alisema alidhani tu, kwa sababu chaki ikilowa inanyonya. Tangu siku hiyo hatujatafuta tena karatasi ya chujio.

Makosa mawili ambayo kila timu itayafanya, acheni wayafanye mara moja: kuchora mstari wa kuanzia kwa kalamu ya wino badala ya penseli, na kujaza maji mpaka yakafunika doa. Wakishaona doa linayeyukia kwenye maji hawarudii.

Jumamosi, 12 Aprili

Masika imechacha. Barabara ya shule ni matope, wanafunzi wawili hawakufika. Tukasema basi tutumie matope.

Nyayo: fundi wa dari aliyekuwa akijenga karibu alitupa jipsam iliyobaki kwenye mfuko, bure. Tulimimina kutoka juu, unyayo ukafumuka. Dawa yake ni kijiko: weka kijiko karibu na udongo, mimina juu ya kijiko, jipsam itiririke yenyewe. Vipimo viwili vya unga kwa kimoja cha maji. Dakika 30 bila kugusa, na kwenye masika weka 45.

Kosa la siku lilikuwa la vielelezo. Wiki mbili nyuma walikuwa wameokota kipande cha kanga chenye doa kwenye "eneo la tukio" wakakitia kwenye mfuko wa plastiki wakafunga vizuri, wakajisifu. Leo tumefungua: ukungu wa kijani, doa halipo. Kitu kibichi kinakaa kwenye bahasha ya karatasi, kikiwa kimekaushwa kivulini. Na bahasha haifungwi kwa kulambwa. Kijana aliyelamba nilimwambia ameacha vinasaba vyake kwenye kielelezo cha mtu mwingine, na kwamba mfuko ule ukifika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali mshukiwa wa kwanza atakuwa yeye. Sasa anafunga kwa selotepu na anaandika saini juu ya mshono bila kukumbushwa.

Plastiki tulizimaliza haraka, kwa kuangalia kinachoelea na kinachozama: kipande cha chupa ya maji kinazama hata kwenye maji ya chumvi nyingi, kijiko cha plastiki kigumu kinazama kwenye maji matupu na kuelea kwenye ya chumvi, vizibo vinaelea kote. Vizibo vya aina mbili tunavitenganisha kwa mafuta ya alizeti, kimoja kinaelea, kingine kinazama. Kiputo kimoja cha hewa kikishika kwenye kipande kinakudanganya, tone la sabuni linakiondoa.

Jumatano, 30 Aprili

Matone ya damu. Damu ya kweli hatutumii, hata ya kuku. Sharubati ya rozela peke yake ni nyepesi, inatapakaa kama maji. Tukaongeza ngano, ikawa uji, tone linakaa kama kifungo. Tuliyobaki nayo: vijiko vinne vya chakula vya sukari kwenye nusu kikombe cha rozela, moto mdogo mpaka iyeyuke, ipoe.

Hesabu yake ni fupi. Tone likianguka kwa mshazari linaacha doa refu. Gawa upana kwa urefu, tafuta pembe ambayo saini yake (ile ya hisabati, sine) ni jibu hilo. Doa la milimita 9 kwa 18 ni 0.5, yaani nyuzi 30. Kitabu cha majedwali ya hisabati kinatosha.

Jioni tukapanga eneo la tukio zima kwenye stoo, karatasi nyeupe sakafuni, matone 20, tayari kwa mazoezi ya kesho yake, sikukuu ya Mei Mosi, walipokubali kuja. Asubuhi nikafungua mlango. Sisimizi. Mstari mmoja kutoka dirishani mpaka kwenye "marehemu", na doa zote zimelambwa, zimebaki vivuli vya waridi. Mwandishi wetu akafungua daftari akaandika: "Saa 3:10 asubuhi. Eneo la tukio limevurugwa. Wahusika bado wapo." Nikamwacha aendelee.

Matone ya sukari yapangwe siku hiyo hiyo, au miguu ya meza iwekwe kwenye vikopo vya maji.

Jumamosi, 10 Mei

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na nimechelewa kuigundua kwa miezi mitatu.

Tulifanya zoezi kamili, dakika 50. Kisa: kisanduku cha michango ya mahafali kimevunjwa. Washukiwa wanne: mpishi, mlinzi, fundi rangi, mwalimu wa michezo. Vipimo vyote vilikuwa sahihi kwa timu zote mbili. Ripoti ya timu ya pili ilianza hivi: "Mpishi ndiye aliyeiba kwa sababu kwenye kisanduku kuna unga."

"Mpishi asiye na unga umemwona wapi?" nikauliza.

"Sasa Madam, tumwandike au tusimwandike?"

"Umeona nini?"

"Poda nyeupe. Iodini imekuwa bluu nyeusi. Kwenye maji haikufoka."

"Andika hivyo."

"Halafu?"

"Halafu nani mwingine kwenye orodha anashika unga?"

Akasoma orodha ya washukiwa tena. Fundi rangi anabandika karatasi ukutani kwa gundi ya ngano. Ilikuwa imeandikwa, mstari wa tatu. Hakuna aliyeifika kwa sababu walikwishamfunga mpishi kwenye mstari wa kwanza.

Nikawasimulia kisa cha Madrid. Machi 2004, baada ya mabomu ya treni, FBI walilinganisha alama ya kidole iliyokutwa kwenye mfuko na ya wakili mmoja wa Oregon, wakasema ni yeye. Polisi wa Hispania walisema hapana. Alikaa kizuizini kama wiki mbili kabla Wahispania hawajaonyesha mwenye kidole halisi, FBI wakaomba radhi. Wale walikuwa wataalamu wenye mashine. Sisi tuna masizi na selotepu.

Ripoti sasa ina safu tatu: Tumeona. Inaweza kumaanisha. Haitoshi kusema. Safu ya tatu wanaichukia, wanaona kama kukiri kushindwa. Asiyeichukia ni binti wa ripoti. Miezi yote hii, kwa kuwa hakugusa masizi, alikuwa anaandika wenzake wanachosema, na ameshazoea kuwauliza "umeona au umedhani?" mpaka wanamkimbia. Fotokopi za fomu mpya: 8,000.

Jumamosi, 24 Mei

Noah ya kukodi kwenda na kurudi 60,000. Wali maharage sahani saba 17,500.

Timu nane, kisa kipya, duka la shule limeibiwa. Timu yetu ya kwanza ilimaliza poda zote tano kwa dakika 14. Alama ya kidole ilikuwa kizunguko kilichokatika nusu, na washukiwa wawili wana vizunguko. Binti wa ripoti aliandika: "Alama hii haiwatenganishi hawa wawili. Wino wa barua unaendana na kalamu ya mshukiwa wa 2, lakini kalamu ya aina hiyo inauzwa duka hilo hilo." Ripoti ilipata 28 kwa 30. Alama mbili zilikatwa kwa kutotaja uhakika kwa asilimia. Asilimia za wapi? Niliuliza, sikuelewa jibu, nikanyamaza kwa sababu wanafunzi walikuwa wanasikiliza.

Tulipoteza kwenye matone ya damu, alama zote 10. Kitabu cha majedwali kilibaki kwenye Noah, dereva alikuwa ameifunga akaenda kula. Walipima upana na urefu vizuri, wakagawa vizuri, wakapata 0.64, wakakaa nayo. Kama wangechora pembetatu kwa rula na kupima kwa protrakta wangeifikia, ila hilo sikuwahi kuwafundisha. Timu ya kwanza nafasi ya pili, ikipitwa kwa alama 6. Timu ya pili nafasi ya tano, ikidanganywa na kiputo kwenye kijiko cha plastiki.

Jumatano, 28 Mei

Kadi za vidole tumezichoma Jumapili, nyuma ya jiko, mkuu akiwepo. Nimempigia mzazi yule aliyekataa kumweleza matokeo. Aliuliza kama mwakani binti ataendelea kuandika.

Jumla yote 131,000. Shule ilitoa 50,000, zilizobaki 81,000 walimu wenzangu walichanga. Ukiondoa usafiri na chakula, vifaa vyote vimekula 53,500, na 4,000 kati ya hizo ni zile kalamu za kutosoma ubavuni.

Yatakayobadilika tukirudi Julai: ripoti inaanza wiki ya kwanza, kabla ya poda. Kila mmoja atachukua zamu ya kuandika. Pembetatu na protrakta. Begi la vifaa linabebwa mkononi, halikai garini.

Mpishi amekuja leo na kopo la maganda ya mayai, limejaa. Hayajaondolewa ngozi ya ndani.